Duara Ulilomfundisha Skolastika

Dada Veneranda,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza, maana hata kaburini wewe ni mkubwa wangu. Kisha nina ombi, na kuliandika kumenichukua muda.

Skolastika amepata nafasi chuoni. Yule binti wa jirani yetu Laurenti, ambaye shule ilimrudisha nyumbani kwa sababu ya kifafa, wazazi wa wenzake wakisema ana mashetani, sasa anasomea ualimu. Ni kazi yako. Ulimfundisha jikoni kwetu hapa Nyakatuntu, mkimenya ndizi huku akitaja mito na milima. Akianguka ulimlaza ubavu, ukasubiri atulie, ukamfuta mdomo, kisha ukamwuliza, "Tulikuwa tumefika wapi?" Somo likaendelea.

Uliondoka masika, na chuo kilikuwa kinasubiri kumbukumbu za masomo yake: amesoma nini, amefikia wapi, amefundishwa na nani. Ungeandika wewe. Nikaandika mimi, ambaye tangu tuvuke mto kukimbia kwetu nimeishi kwa historia na Maandiko, na hesabu nilikuachia wewe. Nilipitia madaftari yake yote nikaandika nilichokiona, bila kuongeza. Kuhusu jometri niliandika: "Pembetatu, amemaliza. Duara, hakuanza, mwalimu amefariki."

Nikazipeleka Bugene kwa kijana mwenye mashine ya kupiga chapa.

"Mzee, shule hii inaitwaje?"

Nikamwambia haina jina, ilikuwa jikoni.

"Basi mwalimu mkuu ni sufuria?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Chuoni, mkuu wa chuo, mama mmoja mtaratibu, alisoma karatasi zangu kisha akamwuliza Skolastika maswali mbele yangu. Alipomaliza ya pembetatu akamwuliza na la duara, nadhani aone tu atakavyojitetea. Binti akachora. Akaonyesha kwamba pembe iliyo ndani ya nusu duara ni pembe mraba, na akaeleza kwa nini lazima iwe hivyo.

"Nani alikufundisha hili?"

"Mwalimu."

"Lini?"

"Kahawa ilipokuwa inakauka. Alinichorea kwenye kahawa."

Dada, tulikuzika kahawa ikiwa mbichi mitini.

Hapo nikakumbuka. Asubuhi moja, wakati wa mavuno, nilikuta duara katikati ya kahawa tuliyoianika uani, na mstari umepita katikati yake. Nikadhani ni kuku. Nikaisawazisha. Kesho yake duara likawepo tena, safari hii na pembetatu ndani, na Skolastika amechuchumaa kando, anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa jambo. Nilipomwita hakugeuka. Aliniambia, "Ngoja, Babu, amalize." Nilidhani kifafa kinamjia, nikaenda kumletea maji. Niliporudi alikuwa mzima kabisa, anasawazisha kahawa mwenyewe.

Mkuu wa chuo akanigeukia. "Mzee, mtoto huyu anasema kweli?"

Ningesema anaongopa, wangemkataa kwa uongo. Ningesimulia yote, wangemkataa kwa lile lile lililomtoa shule. Nikajibu, "Mwalimu wake ni mmoja tu, Mama. Hajapata mwingine."  Akakata mstari wangu, akaandika juu yake kwa mkono wake: "Duara, anafahamu." 

Siku ya wageni nilikwenda kumwona. Amenenepa. Anakunywa dawa zake, na tangu afike hajaanguka. Wasichana wa bweni lake walikuja kuniamkia, na mmoja, mcheshi, akasema, "Babu, mjukuu wako anatuonea. Sisi tukijisomea tunajisomea wenyewe. Yeye anajisomea, halafu anajibiwa."

Wakacheka wote, na Skolastika pamoja nao. Asiyecheka alikuwa yule anayelala kitanda cha jirani yake. Huyo alikuwa ananitazama mimi, kama anayengoja nimwambie kwamba si kweli.

Sikuweza kumwambia.

Ndiyo maana nakuandikia. Huyo binti akianza kusema alichosikia, neno lile la mashetani litasemwa tena, na Skolastika atarudishwa nyumbani mara ya pili. Safari hii hakuna jiko la kumpokea. Najua hukupenda kumwacha njiani. Hukuwahi kumwacha mtu njiani, hata mimi nilipochoka kutembea tulipokimbia utotoni. Lakini yeye amefika, Dada. Ana walimu walio hai, na wanamfundisha vizuri.

Nakuahidi nitakwenda kila siku ya wageni. Nitampelekea dawa. Nitamwuliza amesoma nini, na nitamsikiliza hadi mwisho hata nisipoelewa.

Wewe pumzika sasa. Atakapokuuliza tena, usimjibu. Nyamaza tu. Atasubiri kidogo, labda atalia, kisha atafungua kitabu.

Kwaheri, Dada.

Mdogo wako,
Anastazi