Mlima Uliolipiwa Kisiwani

Jumatano, 10 Septemba
Dawa tatu asubuhi, moja mchana. Miguu imevimba tena. Binti yangu Zuhura anabonyeza kwa kidole na shimo linabaki. Yeye anasema ni maji, daktari anasema ni moyo. Mimi nasema ni miaka themanini na moja.

Nimeoga mwenyewe. Herufi zangu bado zimesimama.

Idi anakuja Jumamosi. Mtoto wa dada yangu, mwalimu wa historia. Kwetu Uluguru jina la marehemu halichukuliwi na mwanawe. Mpwa ndiye hulirithi, mbele ya ukoo, matanga yakiisha. Analichukua pamoja na heshima yake na lawama zake. Idi amekwisha kukubali. Hajui anachokubali.

Alhamisi, 11 Septemba
Jambo lenyewe niliandike hapa kwanza, nione kama linaandikika.

Nilikuwa mshauri wa kodi wa kampuni ya viungo kwa miaka ishirini na mbili. Nilikuwa hodari. Najisifu, potelea mbali. Hakuna aliyeisoma sheria ya kodi kama mimi, kifungu kwa kifungu, penseli mkononi. Wakubwa wa ng'ambo walikuwa wakinipigia simu wao.

Kazi yangu kubwa ilikuwa hii. Pakiti zetu za pilipili manga zilikuwa na picha ya mlima. Mlima wa Kinole, ule ulio juu ya nyumba ya mama. Mchoraji nilimpeleka mimi. Kisha nikashauri picha ile iandikishwe kuwa mali ya kampuni nyingine ya wenye mali walewale, kwenye kisiwa kisichotoza kodi. Ofisi ya meza moja. Kila mwaka kampuni ya hapa ikawa inailipa ile ya kisiwani ili iruhusiwe kuitumia picha. Malipo makubwa, hata hapa pakawa hapabaki faida ya kutozwa kitu.

Halali kabisa. Sikughushi karatasi hata moja. Maofisa wa kodi walikuja kukagua, wakaondoka wakinishukuru kwa mafaili safi.

Bado nayaonea fahari mafaili yale. Huo ndio ugonjwa wangu, kuliko moyo.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimeswali kwenye kiti. Nimetunga maneno ya kumwambia Idi, nimeyafuta. Yalikuwa maneno ya wakili.

Jumamosi, 13 Septemba
Amekuja na ndizi na mdalasini. Shikamoo zilipokwisha akasema siku hizi shati ndilo limenivaa mimi. Zuhura alicheka. Nikamwambia naye aketi, asikie.

Nikaeleza. Idi aliuliza kama nilivunja sheria. Hapana. Kama nilijua nifanyalo. Ndiyo. Nilipata nini? Mshahara, sifa, na nyumba hii ya mjini, Mafiga.

Idi akasema:

“Kwa hiyo, mjomba, ule mlima ulikuwa ukilipiwa pango kisiwani, na mama yangu akiugua masika anashushwa kwa machela chini yake kwa sababu gari halipandi.”

Nikasema pesa zile hata zingelipwa, serikali ingeweza kuzila.

“Ingeweza. Tungeidai. Sasa tumdai nani?”

Aliondoka bila kunywa chai. Kuhusu jina, hakusema neno.

Jumatatu, 15 Septemba
Hasira. Nani kamfanya hakimu? Ada yake ya chuo nililipa mimi. Sheria waliitunga wengine, mimi niliisoma tu. Nisingeshauri mimi, angeshauri mwingine, tena vibaya.

Hayo niliyaandika asubuhi. Mchana nimeyasoma tena. Yote ni kweli na hayanisaidii.

Nimemkumbuka baba. Alilima kwenye ardhi ya ukoo mwingine. Kila baada ya mavuno alipeleka kapu na kuku kwa mzee wao. Hakuna aliyepima, hakuna karatasi. Mwaka mmoja mvua ilikataa. Mimi, msomi wa darasa la nane, nikamwambia hakuna kinachomlazimisha. Akabeba mkungu mmoja mwembamba, akaenda. Alisema wakiuona watajua kwamba tunajua tuko kwa watu.

Mimi sikupeleka hata mkungu.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimempigia Idi. Nimemwambia Jumapili nitapanda Kinole, niseme mwenyewe mbele ya ukoo. Baada ya hapo akilikataa jina, sitakuwa na kinyongo. Jina lizikwe na mimi.

Kisha akauliza nitapandaje na moyo huu.

“Kwa machela,” nikasema.

Akacheka kidogo, bila kutaka. Akasema kiangazi hiki gari linafika.

Jumapili, 21 Septemba
Kinole. Nimesema yote, nimeketi, nusu saa. Nilidhani watanilaani. Walinipigia makofi. Mzee mmoja alisema mtoto wetu aliwazidi akili wakubwa wote wa mjini. Walicheka kwa furaha. Kwa muda mfupi nilifurahi pia. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Ikabidi niwakatize. Nikawaambia niliowazidi akili ni wao. Nikawaonyesha zahanati kwa kidole, ile isiyo na mkunga. Siwezi kuapa kwamba kodi ile ingemleta. Haikupewa nafasi ya kujaribu. Makofi yakakoma.

Dada yangu aliuliza jambo moja tu: je, mchoraji aliupata mlima vizuri? Nikasema aliupata. Akageuza uso.

Idi akasimama. “Jina nitalichukua,” alisema, “na habari hii ndani yake. Mtu asiniombe nilichukue bila hii. Na wanafunzi wangu nitawafundisha.”

Hakunitazama. Alisimama wima. Sijawahi kuonea fahari kitu chochote kama nilivyomwonea yule kijana wa dada yangu. Mafaili yale hayafiki hata kwenye kisigino chake.

Jumanne, 23 Septemba
Kutwa kitandani. Zuhura amefungua dirisha la upande wa mlimani.

Idi alipiga simu saa kumi. Anataka nimweleze ule utaratibu wa picha kwa maneno ambayo kidato cha nne watayaelewa. Nikaanza. Akasema niende taratibu, anaandika. Katikati pumzi ikaniishia. Hakukata simu. Alinisubiri mpaka iliporudi, tukaendelea.