Mstari wa Nne

Jumatano, 30 Mei 2012

Binti yangu Iresha ameota tena. Kaka yake kasimama mlango wa jikoni, anauliza kama kuna wali. Anaota hivyo tangu mimba ifike miezi mitano. Nikamwambia ni gesi tu tumboni. Mwenyewe sikuamini — jana mfuniko wa sufuria ulianguka, na paka hakuwepo.

Wifi Kusuma kaja na lake. Anasema mwanangu Sugath amekufa, mwaka wa tatu huu, na hajatolewa sadaka hata siku moja. Ndiyo maana anazunguka nyumba na njaa, mwisho atamgusa mtoto wa tumboni. Nikamwambia jeshi liliandika hajulikani alipo. Halikuandika amekufa.

"Wifi, unamnyima mwanao chakula kwa ajili ya karatasi?"

Nilikuwa nakata vitunguu, ikawa afadhali kwa machozi.

Jumamosi, 2 Juni

Basi! Tunakwenda Anuradhapura, mji mtakatifu wa kale, kwa sikukuu ya mwezi mpevu wa Poson. Tutawalisha watawa pale, nitawataja wafu wetu, nitamimina maji kikombeni hadi yafurike, na fungu lao la thawabu litawafikia.

Lakini je, kama yu hai? Amelala hospitali fulani, kasahau jina lake, na mimi mama yake namtaja kati ya wafu. Mama gani huyo?

Nimeitoa sarafu kwenye dari. Niliiosha kwa manjano nikaifunga kitambaa cheupe siku Sugath alipoingia jeshini. Niliahidi: akirudi salama, nitaipeleka kwenye Mti wa Bodhi, mti mtakatifu wa Buddha, naye akiwa pembeni yangu. Nimeificha kifuani. Iresha asione.

Jumapili, 3 Juni

Tumefika. Mawe yanaunguza nyayo. Kila mtu kavaa nyeupe, ukipoteza mwenzako humpati.

Kwenye Mti nilisimama na maua yangu. Sarafu sikuitoa. Ningemwonyesha nani pembeni yangu?

Halafu nguzo. Ule msitu wa nguzo za mawe, nyumba ya watawa wa kale. Nikamwona kwa nyuma. Shati jeupe, bega la kushoto limeshuka — kama la Sugath, tangu alipoanguka kwenye mfenesi. Akapita nyuma ya nguzo. Nikakimbia, mtu mzima mimi! Hakuna mtu. Nguzo tu, zote sawa. Nikaishika ile aliyopita. Jiwe lote la moto, ila mahali pamoja, usawa wa bega la mwanamume. Pale baridi.

Kusuma alisema ni jua, ninywe maji. Iresha hakusema hivyo. Alinitoa mikono kwenye jiwe polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mama, kama amekufa ana njaa. Kama yu hai, hatajua kwamba tulimtaja."

Atajua. Mimi nitajua.

Jumatatu, 4 Juni

Asubuhi. Ukumbi wa wageni, watawa wanakula. Nimeamka mapema nikapika fenesi kwa nazi, lile Sugath alilokuwa akilikomba hadi chini ya sufuria. Mtawa mzee kaongeza mara mbili. Nilifurahi, halafu nikaona aibu kufurahi.

Nilimnong'oneza mtawa kijana, nikauliza kama kumtaja aliye hai kunamdhuru. Akasema fungu jema halimdhuru mtu. Nikauliza, na mama yake je? Akainamisha macho, akanipa karatasi ya majina.

Nimeandika baba yangu. Mama yangu. Gunaratna, mume wangu, huyu nilimfumba macho mwenyewe. Mstari wa nne nimeuwekea nukta ya kuanzia. Nimerudi kwenye daftari hili kama mwoga.

Kusuma anakohoa, ananiharakisha. Birika la maji ya kumimina liko tayari, na kikombe kwenye sahani yake. Watawa wananawa mikono.

Iresha kaja kukaa nami. Kauchukua mkono wangu wa kushoto, kauweka tumboni kwake. Mtoto anapiga teke, teke, kama anayebisha mlango. Mtawa mzee ananitazama, anangoja majina. Karatasi iko gotini.

Naandika kwa mkono uliobaki, mstari wa nne: Sugath.