Aliyenifundisha Kunyoa

Mpendwa Baba Aneti,

Yule kinyozi wa kwanza wa Leeds alikunyoa kama mtu anayekata majani ya ng'ombe. Tulikuwa na wiki tano tu Uingereza. Uliingia chumbani na kofia ya sufu umeivuta mpaka kwenye nyusi, ukakaa kitandani, ukakataa kuivua. Nikaivua mwenyewe. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na kipara cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, na nyuma nywele zimeachwa ngazi ngazi. Ulisema yule kijana wa Kizungu alizilowesha kwanza, akazichana zilale, na zilipokataa kulala akaanza kukata popote.

"Aliogopa kuzishika," ulisema. "Na mimi niliogopa kuinuka."

Kwa mwanamume mwingine lingekuwa jambo dogo. Wewe ulikuwa bwana shamba. Ulizunguka kwenye mibuni ya Kirua na Kilema na shati lililopigwa pasi, na kila Jumamosi ya pili ulishuka Moshi mjini kunyolewa, mvua inyeshe isinyeshe. Uliniambia mkulima hawezi kumwamini mtu mchafu anayemwambia shamba lake ni chafu. Kisha ukapata nafasi ya kusoma Leeds mwaka mmoja na nusu, ukapigania na mimi nije, tukamwacha Aneti kwa mama yako. Na sasa ulikuwa unakaa darasani na kofia.

Uliapa hakuna atakayekigusa kichwa chako mpaka turudi nyumbani. Nywele zikaota, lakini hazikuota sawa. Ukaanza kukataa mialiko. Mwisho wa muhula ulitakiwa kusimama mbele ya walimu na wageni ueleze utafiti wako juu ya chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Siku nne kabla ukaniambia utatoa udhuru kwamba unaumwa.

"Watatazama kichwa," ulisema. "Hawatasikia neno hata moja."

Nilijua ukikosa siku ile utapoteza zaidi ya siku moja. Nilikuwa nakutana na mama mmoja wa Jamaika mahali pa kufulia nguo, na ingawa Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, nikamwonyesha kichwa changu, nikafanya vidole kama mkasi, nikasema "mume". Akacheka, akanichorea ramani nyuma ya bahasha. Kesho yake tulipanda mabasi mawili, wewe umenuna njia nzima, mpaka kwenye kinyozi cha Mzee Desmond.

Nadhani unamkumbuka vizuri. Mjamaika mrefu, mvi kichwa kizima, miwani imefungwa kwa uzi. Alikigeuza kichwa chako taratibu, akauliza nani alikufanyia hivi. Ukamweleza kwa hasira. Akasema, "Usimchukie. Hakufundishwa." Kisha akafanya kazi. Alishusha nywele zote kwa mashine zikaribiane na kile kipara, akasawazisha juu kwa mkasi, akazungusha wembe kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, akamaliza kwa taulo la moto. Ulijitazama kwenye kioo, ukageuza shingo huku na huku. Ulipoinuka ulimpa mkono kwa mikono yote miwili, kama tunavyofanya kwa wazee wetu.

Siku yako ilipofika, mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Sikuelewa mengi, lakini niliona watu wanaandika unachosema. Walikuuliza maswali, ukajibu bila haraka. Tukarudi kwa miguu, ukanisimulia yote tena kwa Kichagga, na kofia ulikuwa umeisahau ukumbini. Hatukuifuata.

Sasa nafika kwenye lile ambalo hukulijua.

Kwa Mzee Desmond palikuwa mbali, na fedha ya masomo isingetutosha kwenda wote wawili kila baada ya wiki mbili. Nilikuambia nimejiunga na darasa la Kiingereza la akina mama wa kanisani, kila Jumanne asubuhi. Baba Aneti, sikuwahi kukanyaga darasa hilo. Nilikuwa napanda yale mabasi mawili, kwa nauli niliyoibana kwenye pesa ya chakula. Nilimwomba Mzee Desmond, kwa maneno machache na ishara, anifundishe kukunyoa, naye akaniuliza kama mume wangu anajua. Nikamwambia hajui. Akanitazama juu ya miwani, akanipa fagio. Jumanne tatu nilifagia nywele tu na kutazama. Ya nne alinipa kichwa chake mwenyewe.

"Anza," alisema. "Ukiharibu, mimi sina pa kwenda."

Nikanyanyua mkasi, mkono ukining'inia. Alinishika kiwiko, akaniambia mkono wa kinyozi unatulia ukipumzika kwenye kichwa cha mtu, usiuning'inize hewani. Mpaka leo nafanya hivyo.

Ulikuwa ukinitania kwamba darasa zima la akina mama halijaweza kukisogeza Kiingereza changu. Nilicheka na wewe. Siku niliyokukalisha kwenye kigoda na taulo shingoni, ulifumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Nilipomaliza ulikishika kichwa chote kwa viganja, ukaniuliza nimejifunzia wapi.

"Nilimtazama tu yule mzee siku ile," nikasema.

Ukaniamini. Kwa nini nilisema hivyo? Ulikuwa umeshatamka kwamba pale kwa Mzee Desmond ni mahali pa wanaume, na niliogopa utanizuia. Hiyo ni sababu ya kweli, lakini ya pili ni kubwa zaidi. Kila kitu kule kilikuwa chako: masomo, chumba, hata jina nililoitwa. Zile Jumanne zilikuwa zangu.

Tuliporudi, wizara ikapunguza watu na wewe ukawemo. Ulikaa miezi kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, bila kusema sana. Mimi ndiye niliyetaka kukodi kibanda cha kunyolea Kiboriloni, karibu na soko. Ndugu zako walisema mwanamke kushika vichwa vya wanaume ni aibu. Wewe ulipaka rangi ukuta, ukabandika kioo, na Jumamosi ya kwanza ukakaa kwenye kiti ukitazama barabara.

"Nyoa," ukasema.

"Nilikunyoa juzi. Nitanyoa nini?"

"Nyoa hewa, Mama Aneti. Wakuone."

Jumamosi tatu ulikaa pale na shuka shingoni, unasalimia wapita njia kana kwamba ni kitu cha kawaida. Ya tatu akaingia muuza mitumba wa jirani, akasema na yeye anataka kama ya bwana shamba. Kuanzia hapo hatukupumzika. Umeme ulipokatika nilishika mkasi, na wateja walisubiri. Aneti amesoma kwa kiti kile.

Na kila mteja mpya ulimwambia: "Huyu hakufundishwa na mtu. Alitazama mara moja tu." Ulisimulia vizuri. Ulisimulia hata kwenu Kirua, mbele ya kaka zako na pombe ya mbege mkononi, nao ndio waliokuwa wamenicheka. Niliona nyuso zao zinabadilika, nikainuka kwenda jikoni. Mara mbili nilitaka kukuambia. Mara zote mbili ulikuwa na furaha.

Sasa ni mwaka wa pili tangu tukuzike, huna nafasi ya kusikia. Wiki iliyopita mteja alimuuliza Aneti mama yake alifundishwa na nani, naye akaanza kuisimulia ile hadithi yako, kwa sauti yako kabisa. Nikazima mashine. Nikawaambia alikuwa Mjamaika wa Leeds, jina lake Desmond, alinipa kichwa chake nijifunzie. Aneti akauliza, "Baba alijua?" Nikasema hapana. Akaenda kuweka maji ya kuoshea taulo.

Sikulala vizuri. Sioni haya kwa kudanganya kuhusu Jumanne zangu. Naona haya kwa ajili ya yule mzee, ambaye kwa miaka yote hii nimekula kwa ufundi wa mikono yake na sikuwahi kumtaja. Na wewe nilikuacha umsifie asiyestahili sifa zote.

Kama ungeniuliza mara ya pili, ningekuambia. Hukuniuliza, na mimi nikashukuru.

Pumzika salama.

Mkeo,
Mama Aneti