Neno Aliloambiwa Ng'ombe

Kyimo, Tukuyu

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kwa upendo mwingi kutoka huku kwenye ukungu, nikitumaini barua hii inakukuta mzima na ule mguu umeacha kukusumbua. Kaka Obed aliniambia umeanza tena kubeba ndoo kichwani. Acha, Mama, mwachie yeye, mabega yale anayafugia nini? Sisi hatujambo, ila baridi inatutesa na nguo hazikauki. Ile migebuka mikavu ya ziwani uliyotutumia ilifika salama, na mama mkwe aliipenda hata akaificha wageni wasiione.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, maana kwenye simu unanikatiza, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho. Tulipoongea mara ya mwisho ulisema mwanaume anayemkimbia mkwewe njiani hawezi kuwa anampenda, na kwamba baada ya mavuno utamtuma baba mdogo Jacob aje anirudishe Sumbawanga. Maneno hayo yaliniharibia usingizi.

Ni kweli, tangu Lutengano anioe, baba yake hajawahi kunisemesha. Nilikueleza kwamba ni mila ya Wanyakyusa: mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawakai chumba kimoja wala hawatajani majina. Vijana wa mjini wengi wameiacha, lakini huyu wangu ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na anaishika kama alivyoipokea kwa wazazi wake. Akifika uani anakohoa, nami naingia jikoni. Tukikaribia kukutana njiani, mmoja wetu anajitosa kwenye migomba. Wewe ulisema hiyo ni chuki iliyovishwa nguo ya mila. Nilikubishia kwa mdomo tu, kwa sababu moyoni nami nilishaanza kuamini hivyo.

Sasa sikia yaliyotokea. Baba mkwe ana kompyuta ya zamani ambamo anaandika maneno ya Kinyakyusa yanayopotea: majina ya aina za ndizi, ya vijito, ya mvua. Humo pia ameweka sauti za wazee alizorekodi kuanzia Kisiba mpaka huku kwetu, na wengi wao wameshafariki. Kompyuta hiyo ikaanza kuzimika yenyewe. Lutengano akanibebesha mimi kazi, kwa kuwa ndimi ninayetengeneza kompyuta kwenye stesheneri ya Siwema, pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu. Nikaamua kufunga programu ya bakapu, ile inayonakili mafaili yenyewe kila siku, kwenye kompyuta zote tatu za nyumbani, ili moja ikifa nyingine zibaki na kazi ya mzee.

Lakini kompyuta zenyewe hazifanani tabia. Ya mzee ni Windows. Ya Lutengano, anayorekodia kwaya, ni Mac. Yangu, ambayo mafundi wote waliikataa, ina Linux. Kwenye Linux niliandika amri chache tu, kazi ikaisha. Mac ilinidanganya: iliipokea programu vizuri, ikasema kila kitu tayari, kumbe inanakili mafolda matupu, kwa sababu hairuhusu programu ngeni kusoma chochote mpaka uende kwenye mipangilio uipe ruhusa. Inamkaribisha mgeni ndani, halafu inamfungia vyumba vyote! Nilicheka peke yangu, nikasema nyumba hii hata kompyuta zina ukwe.

Shughuli ilikuwa Windows, maana iko chumbani kwa mzee. Tulipanga yeye aende shambani, na mama mkwe asimame mlangoni kunilindia. Kinga ya virusi ikaiona programu kama mwizi na kuifukuza, ikabidi mama mkwe ashuke mpaka kwenye migomba kumwuliza mzee kama naruhusiwa kuizima kidogo. Akarudi anahema, akasema mzee ameruhusu. Programu ikauliza jina la mwenye mafaili. Nisingeweza kulitaja hata kwa vidole, kwa hiyo nikaandika "Baba" nikaendelea.

Mwisho ikataka neno la siri. Hilo likipotea, Mama, nakala hazifunguki tena, hata kwa walioitengeneza programu. Nikatoka, mzee akaitwa, akaingia akaliandika mwenyewe. Nikamwomba mama mkwe amwambie kwamba inafaa na mtu mwingine alijue, maana presha yake inatutia hofu. Mzee akarudi shambani bila kumtajia mtu. Niliingia jikoni nikalia, nikijiambia kwamba mtu huyo mwingine anaweza kuwa yeyote isipokuwa mimi.

Masika haya radi ikapiga, na kompyuta ya mzee ikaungua kabisa. Nakala zilikuwepo kwenye mashine yangu, lakini zimefungwa, na Lutengano alikuwa safarini Dodoma. Nikamtuma mama mkwe akaombe neno. Akarudi ameinamisha macho, akasema mzee amekataa, kwamba neno hilo si la kubebwa na mtu mwingine.

Hapo, Mama, nakwambia jambo ambalo hata Lutengano halijui. Nilishusha begi juu ya kabati nikaanza kukunja nguo zangu. Nilitaka kesho yake nikupigie, nikuambie baba mdogo asisubiri mavuno.

Jioni nikiwa jikoni nachochea moto, nikasikia kikohozi chake nje. Nikatulia. Akaenda kwa ng'ombe anayefungwa nyuma ya ukuta wa jikoni, akaanza kumsemesha kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili. Ng'ombe yule, Mama, hajaambiwa neno la Kiswahili tangu azaliwe! Akamwambia kwamba kompyuta ikiuliza neno la siri, aandike kwa herufi ndogo tupu, bila kuacha nafasi. Kisha akalitaja polepole kama anayesomea darasa imla: binti niliyepewa Sumbawanga. Akarudia. Akamwambia ng'ombe kuwa yeye humpisha binti huyo njia kwa heshima na si kwa kingine, na kwamba siku akiondoka duniani kazi ile wasiachiwe wanawe wa kiume, aachiwe binti huyo.

Na neno hilo aliliandika siku ileile ya kwanza, Mama. Mimi nikilia jikoni, lenyewe limeshakaa ndani ya mashine.

Sikuweza kujizuia. Nikamjibu ng'ombe kupitia ukutani, "Ndaga fijo," yaani asante sana. Nikasikia mzee akipenga kamasi huko nje. Nikaliandika neno, mafaili yakafunguka. Nikafungulia sauti ya kwanza niliyoiona, bibi mmoja wa Kisiba akicheka, nikaiongeza mpaka mwisho ili mzee asikie huko aliko. Begi nimelirudisha juu ya kabati.

Basi usimtume baba mdogo kuja kunichukua. Mtume aje kusalimia, na migebuka mingine. Halafu kuna jambo moja. Kazi yetu inataka vitu vya thamani viwe na nakala mahali pa mbali, ambapo radi ya nyumbani haifiki. Kwa hiyo juzi nilimwuliza ng'ombe, kwa sauti, kama naruhusiwa kumpa neno hilo mama aliyenizaa alitunze. Mzee akakohoa kidogo, na kwa jinsi nilivyokizoea kikohozi chake, hiyo ilikuwa ndiyo. Lishike, Mama, usimwambie hata Obed. Siku nikilisahau nitakuja mwenyewe, unikumbushe mimi ni binti wa nani.

Nisalimie Obed na majirani wote wa jumuiya. Lutengano na mama mkwe wanakusalimu sana. Baba mkwe naye anakusalimu. Amemwambia ng'ombe asubuhi hii.

Mwanao akupendaye,
Imakulata