Mukate wa Chai Juu ya Mbabula

Yunnan, Uchina

Mama yangu,

Jambo sana, Mama. Kwanza nataka habari ya goti lako, lile la kushoto, na usinidanganye kama unavyonidanganya mu simu. Hapo Majengo ya Goma munalala namna gani? Maji yanafika, ao bado munatuma mutu ziwani? Miye niko muzima, nakula, nalala, kifua hakinisumbui tena, Mungu asifiwe. Dada Masika, najua ni wewe unayemusomea Mama barua hii kwa sauti. Usiruke mahali, hata pale utakapoona panauma.

Ninaandika kwa karatasi kwa sababu simu imetushinda. Kila mara nikianza kusema jambo hili, Mama unalia, miye nalia, mayunite yanaisha, na neno linanibakia mu kinywa. Kwa hiyo nimemupa barua yule mufanyabiashara wa Butembo aliyeniletea kifurushi chako. Anarudi na mizigo yake ya viatu, amesema atafika mwenyewe mupaka mulangoni.

Ndiyo, kifurushi kilifika. Nilipoona kile kitambaa cha kijani, kipande cha shati la Papa, nilikifungua polepole. Ndani yake kona ya mukate wa chai. Masika aliniambia ilivunjika siku munakimbia kutoka Mugunga, mukate ukiwa mu beseni chini ya sufuria, na shemeji Kakule anasukuma chukudu, ile baiskeli yake ya mbao. Mabomu yanalia, na Mama anasimama mu barabara kuuliza chai iko wapi! Nilicheka, Mama. Kisha nikakaa chini, kicheko kikaniisha.

Batoto wa Masika hawajui mwanzo wa mukate huu, wanauona tu umefungwa na wanakatazwa kuugusa. Acha niwaambie. Huku majani ya chai hawayauzi ya unga mu sashe kama kwetu. Wanayapitisha kwenye mvuke mupaka yalegee, wanayatia mu mufuko wa kitambaa, wanakaza, wanaweka jiwe zito juu, na mutu anapanda jiwe lile na kuyumba huku na huku. Kinatoka kitu cha muviringo kama sahani, kigumu kabisa. Hakinywewi siku hiyo. Kinawekwa miaka, na mu miaka hiyo kinabadilika chenyewe polepole: ukali unapungua, maji yake yanaacha kuwa ya njano na kuelekea wekundu. Mukate wa kwanza niliokanyaga miye mwenyewe, bila mutu kunishika mukono, nilimutumia Papa.

Akanipigia simu. «Kambale, chai umeikanyaga na miguu?»

Nikamwambia, «Papa, kuna jiwe katikati.»

«Na ulikuwa umevaa viatu?»

Alicheka mupaka akakohoa. Nikamwambia asiunywe. Nikasema, utunze Papa, huo unaishi, usiuache ufe, siku nitakayorudi tutaufungua miye na wewe. Akajibu, «Kutunza kitu kisife, hiyo unanifundisha miye?»

Basi sikiliza alichofanya. Huku chai inayongoja inawekwa mbali na kila harufu. Lakini Papa alizaliwa mu milima ya Butembo, na kitu kimoja tu alikijua kinachongoja na bado kinaishi, ni mbegu. Na mbegu ya mahindi kwao inakaa wapi? Jikoni, juu ya moto, mu moshi, wadudu wasiiguse. Akapigilia misumari kwenye mbao, akautundika mukate wangu juu ya mbabula, jiko lako la makala. Kila siku ulipopika sombe, Mama, kila siku ulipochemsha maharagi, chai ikala moshi wa makala. Na miye huku nawaambia wenzangu kwa majivuno: baba yangu anatunza mukate vizuri, hakuna mufano!

Ungejua sheria ya depo yetu ya kutunzia chai ungenihurumia. Hakuna mafuta ya kunukia, hakuna sigara, hakuna kitunguu mu chakula cha muchana, hata sabuni tunayooga haina harufu. Chai inavuta kila kitu kilicho karibu nayo na haikirudishi. Miye mutoto wako, niliyekuwa najipaka mafuta siku ya dimanche mupaka unanifukuza mu nyumba, sasa sinukii kitu. Siku nilipopata habari ya kifo cha Papa nilikuwa juu ya ngazi, nageuza mikate ya rafu ya mwisho. Nililia palepale juu. Aliyenisikia ni patro wangu, mukubwa wa depo, Muzee Shen. Alikuja akaishika ngazi mupaka nikamaliza, kisha akanituma nikapumzike.

Ni huyo Muzee Shen niliyemuonyesha ile kona. Aliinusa. «Moshi,» akasema, akanirudishia. «Nani alitunza hii?»

«Baba yangu.»

Akaninyang'anya tena, akavunja kipande, akaosha bakuli lake dogo lenye kifuniko, akachemsha maji. Maji ya kwanza akayamwanga kama kawaida. Ya pili tukakunywa, na haki ya Mungu Mama, nilikuwa nimeingia jikoni kwako, macho yananiwasha. Muzee Shen akatikisa kichwa. «Hii haiuzwi. Ingekuwa ya depo ningeitupa.» Sikukasirika, ni kazi yake na alisema kweli. Lakini aliendelea kumimina. Ya tatu, ya ine, moshi bado. Halafu ukaanza kupungua, na nyuma yake kukaja utamu, si mu kinywa, ni mu koo, baada ya kumeza. Ulikaa pale muda murefu. Nilitamani Papa auonje hata mara moja. Na Muzee Shen, chai ile aliyosema haiuzwi, bakuli lile akalimaliza lote.

Kisha akauliza mukate uliobaki uko wapi. Nikamwambia uko kwa mama yangu, amekataza mutu asiuguse mupaka nifike.

«Mwambie mama yako chai imefika wakati wake,» akasema. «Kungoja hakutaiongezea kitu. Na vile imevunjika, mvua za kwenu zitaitia kuvu.»

Masika, hapa ndipo usiruke.

Mama, nimesikia kwamba familia ilitaka kutosha matanga, kilio kiishe, na umekataa. Nimesikia bado unavaa nyeusi, hauendi sokoni, kikundi cha akina mama kanisani umekiacha, na wakija kukutembelea unawajibu, «Kambale akifika tutafungua mukate, siku hiyo nitavua.» Najua unanitunzia nafasi yangu. Najua uliona nilivyokosa maziko, na ulitaka nisikose na hili. Lakini Mama, sifiki. Pasipoti yangu iko mu buro ya serikali pamoja na karatasi za kukaa, nikitoka sasa kazi inapotea, na ndege hazitui Goma. Si mwaka huu. Wa kesho siwezi kukuapia. Ningeweza kukuandikia kwamba nakuja Noeli, ungefurahi, na Noeli ingepita, na wewe ungebaki mu nguo ile ile mu kona ile ile. Sitaki! Sitaki nisikie kwamba mama yangu amezeeka akilinda chai kama askari wa depo. Nimekasirika, ndiyo, acha nikuambie wazi, na Papa angekasirika kunipita. Inaniuma kuandika haya. Nimelichana karatasi la kwanza.

Nisamehe maneno makali, lakini fanya ninavyokuomba. Dimanche baada ya misa, iteni familia. Masika asipige mukate na nyundo, namujua! Aingize ncha ya kisu pembeni, ainue polepole, majani yatoke mazima. Maji yachemke kabisa. Isitiwe sukari. Lakini najua mama mudogo Kavira atatia vijiko vyake vitatu, basi mumuache, ni kilio chake pia. Saa sita ya muchana kwenu, huku jua linaelekea kuzama. Nimebakiza kipande cha kona ile, nitachemsha maji saa hiyo hiyo, na nitakunywa nanyi. Nilimuahidi Papa tutaufungua pamoja. Pamoja yetu sasa ni hiyo.

Unisalimie mama mudogo Kavira na vijiko vyake. Unisalimie shemeji Kakule, mwambie mukono uliosukuma chukudu ile siku ile ninaushukuru. Wabusu batoto, na yule mudogo mwenye jina la Papa umupe tone aonje, hata akitema. Jirani aliyewapokea Majengo usiku munafika, naye akae kwenye kiti kizuri.

Neno la mwisho, Mama, ni juu ya yale maji ya kwanza. Huku hatuyanywi, yanaosha majani tu, tunayamwanga chini. Nilipomuelezea Papa jambo hilo alikasirika kweli. «Chai inavuka bahari na munaimwanga? Hiyo munayomwanga muniwekee miye!» Tangu siku ile, hakuna simu aliyokata bila kunikumbusha: «Usisahau yangu.» Hata ile ya mwisho, na sauti ilikuwa imeisha.

Kwa hiyo ya kwanza muitie mu termo, ibaki na moto. Mwende nayo kaburini, na uibebe wewe mwenyewe. Padri akiuliza, mwambie ni chai ya mwenyewe. Imwange yote, isibaki, taratibu, kama unavyomumiminia mutu kikombe. Halafu rudi nyumbani, uvue nyeusi, ukae mu kiti, na ya pili ikuwe yako.

Miye mutoto wako anayekupenda,

Kambale

Usisahau yake.