Baba Si Sifuri

Jumanne, 1975

Sijui kama nilimjibu sawa. Apio wangu amechora mstari wa namba sakafuni kwa mkaa: sifuri katikati, namba hasi kushoto. Mstari umefika mlangoni, nami kwa uchovu naona kama unaendelea tu, unashuka kilima cha Kibuli, hadi huko wanajeshi walikompeleka baba yake Ijumaa.

"Mama, baba sasa ni hasi moja?"

"Wewe! Mtu hawi hasi."

"Basi sifuri?"

"Sifuri ni pasipo na mtu. Baba yako yupo."

Hakuniuliza wapi. Namshukuru Mungu.

Mwalimu wao anataka idadi ya watu wa nyumbani. Apio aliandika mbili kwa penseli, akanitazama. Nikaifuta, nikampa kalamu ya wino.

"Andika tatu."