Makaa ya Mbaazi

Baba,

Jana nilikuwa nawaonya wajukuu wako wasicheze na kiberiti. Nikawaambia, "Mtakuwa wazembe kama babu yenu, aliyejitoa jicho kwa fataki." Rafiki yako Mzee Kioko alikuwa ameketi hapo na chai yake. Akasema, "Mwende, nyamaza. Baba yako alinikataza, lakini leo umezidi."

Woi, Baba!

Unakumbuka ulivyokuwa ukifunga cherehani mapema wiki ya Krismasi, ili utengeneze fataki za uwanja wa kanisa? Ulichoma miti ya mbaazi, ukapata makaa mepesi hata mtu akiyashika haoni uzito. Ukayasaga polepole, ukayachekecha kwa kitambaa cha bitana. "Siri ya baruti ni makaa," ulisema. "Ya mgunga ni ya kupikia maharagwe. Moto wake unajikokota."

Mwaka ule uliniachia nguo za wateja nizipige pasi ya makaa, nami nilitaka kukimbilia mazoezi ya kwaya. Makaa ya mgunga yalikataa kushika. Nikachota yako ya mbaazi kwenye mkebe ulimoyaweka, yakawaka mara moja. Yalipoisha nikaponda ya mgunga kwa jiwe, nikajaza mkebe. Makaa si makaa tu? Nilikuwa na miaka kumi na moja, na sikuliwaza tena.

Jioni ya Krismasi fataki ya kwanza ilifuka moshi, ikanyamaza. Ulingoja, lakini ulizoea baruti yako ya haraka, ukadhani imekufa. Ukainama uitazame.

Ulipotoka hospitali watu walikuuliza. "Niliharakisha," ulisema. Hukuweza tena kutunga uzi kwenye sindano, ukauza cherehani. Mama akaanza kuuza nyanya sokoni Kathonzweni, na kila alipochoka alikurushia, "Umebadilisha jicho na mchezo!" Wewe ukainamia sahani yako ukala.

Kumbe ulijua! Kioko anasema siku ile ile uliyorudi ulifungua mkebe, ukasugua makaa kwa vidole, ukaufunga. Ukamwambia, "Huyu mtoto asije akasikia." Baba, ulikuwa mtu wa aina gani? Hata kofi moja? Nimekukasirikia, nakwambia ukweli. Ulinibebea mzigo wangu bila kuniuliza, nami nikakucheka miaka hii yote, hata siku ya mazishi.

Leo asubuhi nimemwambia Mama. Alikuwa anachagua ndengu. Aliniangalia, akasema tu, "Nimemtukana mtu hadi kaburini." Akavaa leso yake akatoka. Sasa yuko nyuma ya nyumba, pale tulipokulaza, na kutoka mezani hapa namsikia akikuita jina ulilobatizwa, ambalo sijawahi kumsikia akilitaja.

Msikilize yeye kwanza. Amengoja muda mrefu kuliko mimi kuzungumza nawe hivi.

Binti yako, niliyebadilisha makaa,
Mwende